Pakiti 12 za sukari: binti yangu kaandika "tunakataa". Tunakataa nini?

Mama Hamri, Kibokoni

Assalaam alaykum jamaa. Mie si mwanafunzi wala mwalimu, ni mpika mahamri na mbaazi hapa Kibokoni, Mombasa, mwaka wa 19 huu. Nina swali la hesabu na naomba msinicheke.

Sukari nainunua kwa jumla, pakiti za kilo moja moja ambazo mwenye duka huzijaza mwenyewe kutoka gunia la kilo 50 na kuzifunga kwenye mifuko ya khaki. Duka silitaji. Kwanza sina hakika, pili daftari lake lina deni langu. Sasa mwezi huu wateja wameanza maneno. Yuko mzee mmoja hunywa chai barazani kwangu kila alfajiri akitoka msikitini, miaka yote hajawahi kunitia ila. Juzi akaiweka hamri chini akaniuliza, "Bibie, sukari imepanda bei tena?" Niliona haya mpaka masikio yakanipata moto. Nikaingia ndani, nikatwaa pakiti moja, nikaiweka kwenye mzani wa betri alioninunulia binti yangu: gramu 986. Hapo shetani akapata pa kukaa.

Binti yangu anasoma takwimu chuoni. Akanambia pakiti moja si ushahidi, na hiyo iliyonitia shaka niiweke kando nisiichanganye na hesabu. Jumamosi nikanunua 12 nyingine, tukapima. Hizi hapa kwa gramu:

992, 1003, 985, 1002, 990, 1005, 983, 995, 988, 1006, 984, 995

Akaandika kwenye karatasi: wastani 994, mkengeuko sanifu 8.37, t = −2.48, "tunakataa nadharia tete sifuri". Akapigia mstari mara mbili, akapanda matatu akaenda zake Malindi kwenye harusi ya rafikiye. Simu hashiki, nadhani ngoma imekolea. Mie nimebaki na karatasi. Pakiti nne zimezidi kilo, mbona tena akatae? Anakataa nini hasa? Na nikienda dukani na karatasi hii, nitakuwa nimedai haki yangu au nimemdhulumu mtu?

kijana_wa_data

Mama, usisumbuke. Nimeziingiza kwenye programu, p imetoka 0.015. Iko chini ya 0.05, basi kataa. Maana yake kuna asilimia 98.5 kwamba huyo jamaa anakuibia. Mfuate.

Abu Swafiya, Majengo

Asilimia 98.5, na pakiti 4 kati ya 12 zimezidi? Mie nahesabu kwa vidole: 8 pungufu, 4 zimezidi. Rusha shilingi mara 12, ukipata kichwa mara 8 hakuna atakayeshangaa. Msimharibie mtu riziki kwa hesabu za kwenye simu.

Mwalimu Mstaafu, Tudor

Wa alaykum salaam Mama Hamri. Nimefundisha hesabu miaka 31 na sijawahi kuletewa swali zuri kama hili na mwanafunzi. Nipe nafasi, nitakuwa mrefu.

Anza na jioni ya tarehe 29 Shaabani. Watu wamepanda juu ya dari, wanatazama magharibi. Kabla hajatokea wa kusema kitu, tunachukulia nini? Kwamba mwezi haujaandama, na kesho ni 30 Shaabani. Hatukulichukulia hilo kwa kuwa tumelithibitisha. Tumelichukulia kwa sababu lazima pawe na pa kusimama, na anayetaka kututoa hapo ndiye anayedaiwa ushahidi. Hiyo ndiyo nadharia tete sifuri. Kwenye karatasi ya bintiyo inasema hivi: wastani wa pakiti zote anazofunga huyu bwana ni gramu 1000. Angalia nimesema zote, yaani za jana, za kesho, na zile zilizonunuliwa na jirani yako. Pakiti zako 12 ni sampuli tu, dirisha dogo la kuchungulia nyumba kubwa. Dhana inayoshindana nayo, ile mbadala, inasema wastani huo uko chini ya 1000.

Kwa hivyo pakiti nne kuzidi kilo hakumsafishi mtu wala hakumtii hatiani. Hakuna mkono wa binadamu unaojaza gramu 1000 kila mara. Hata fundi mwaminifu atatoa 1005 na 993. Swali letu ni kuhusu wastani, si kuhusu pakiti hii au ile.

Sasa hesabu. Wastani wa sampuli ni 994, umepungua kwa 6. Je, gramu 6 ni nyingi? Peke yake neno "6" halina maana. Kwa mtu ambaye pakiti zake hutofautiana kwa nusu gramu, 6 ni msiba. Kwa anayejaza kwa kikombe akiongea na simu, 6 si kitu. Ndiyo maana tunautafuta kwanza mtawanyiko. Chukua kila pakiti, tazama iko mbali kiasi gani na 994, zidisha umbali huo kwa wenyewe, jumlisha zote. Nimepata 770. Gawa kwa 11 (si 12, kwa sababu wastani umeshatumia uhuru wa pakiti moja), unapata 70 kamili. Kipeuo cha pili cha 70 ni 8.37. Huo ndio mkengeuko sanifu wa bintiyo: kwa kawaida pakiti moja huyumba kama gramu 8 kutoka kwenye wastani.

Lakini wastani wa pakiti 12 hauyumbi kama pakiti moja. Zilizozidi na zilizopungua zinabebana. Gawa 8.37 kwa kipeuo cha pili cha 12, ambacho ni 3.46, unapata 2.42. Hiki ndicho kijiti chetu cha kupimia: bahati peke yake huusogeza wastani wa pakiti 12 kiasi cha gramu 2.42 hivi. Upungufu wako ni 6. Ndani ya 6 kijiti hicho kinaingia mara 2.48. Ndiyo t hiyo, na alama ya kutoa inasema tu kwamba tumeshuka chini ya 1000.

Jedwali la t, kwenye safu ya 11 (ile 11 tuliyogawia), linasema kwamba kwa dhana ya upande mmoja na kiwango cha asilimia 5, mpaka ni 1.796. Wewe umefika 2.48, umeuvuka. Hata kama ungeuliza bila kutaja upande, "imepungua au imezidi?", mpaka ungekuwa 2.201, na bado umeuvuka. Mpaka wa asilimia 1 kwa upande mmoja, 2.718, hujaufikia. Bintiyo hakukosea hata nukta.

Hili jedwali lina kisa. Aliyelianzisha, William Gosset, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha pombe cha Guinness kule Dublin. (Samahani kwa kutaja pombe, lakini elimu hutoka popote.) Tatizo lake lilikuwa kama lako: sampuli chache, na hesabu za wakati ule zilitaka nyingi. Mwaka 1908 alichapisha jibu lake, akajiita "Student", mwanafunzi. Mpaka leo vitabu vinasema t ya Student, na wengi wa wanangu wa darasani walidhani imeitwa hivyo kwa ajili yao.

Sasa wewe kijana. Namba umeitoa sawa, maneno umeyapindua. Ile p yako ya 0.015 haisemi uwezekano wa mtu kuiba. Inasema hivi: *tukichukulia kuwa* wastani wake wa kweli ni kilo kamili, basi katika kila mara 1000 ambazo Mama atabeba pakiti 12, kama mara 15 tu atakuta upungufu mkubwa kiasi hiki au zaidi kwa bahati tupu. Ni uwezekano wa sukari hii tukiwa tumesimama upande wa mwenye duka, si uwezekano wa mwenye duka mwenyewe. Ukitaka kujua asilimia ngapi ni mwizi, lazima ujue na mengine, kwa mfano wenye maduka wangapi mtaani hupunja, na hilo programu yako haikuulizwa. Na neno "kuibia" halimo popote kwenye hesabu.

Abu Swafiya, ulichofanya ni kipimo halali na kina jina, kipimo cha alama. Kupata 8 au zaidi kati ya 12 kwa shilingi isiyopendelea kuna njia 794 kati ya 4096, karibu asilimia 19. Kweli si ajabu. Lakini umezitupa gramu ukabakisha alama. Zilizozidi zimezidi 2, 3, 5 na 6. Zilizopungua kuna 17, 16, 15, 12. Kwako wewe pakiti iliyopungua 17 na iliyopungua 1 ni ndugu. Kwa anayenunua, si ndugu.

Abu Swafiya, Majengo

Nimekubali hilo, Maalim. Ila hiyo asilimia 5 nani aliipanga?

Mwalimu Mstaafu, Tudor

Desturi tu. Mtakwimu Ronald Fisher aliitaja kwenye kitabu chake cha 1925 kuwa mpaka wa kufaa, mara 1 katika 20, watu wakaishika kama aya. Inakuambia utakosea mara ngapi kumshuku asiye na kosa: ukipima maduka 20 yote ya haki, tarajia moja litaonekana pungufu. Kwa mtu anayetaka kuvunja uhusiano wa miaka, mie ningesogeza mpaka uwe asilimia 1, na ningeusogeza *kabla* ya kupima. Ukishaona matokeo ndipo uchague mpaka, umejidanganya.

Fundi Mizani, Kongowea

Naona mumesoma sana, lakini hakuna aliyeuliza swali la fundi. Mama, ulipima na mfuko wake au bila? Na huo mzani wa betri ulipimwa lini na jiwe? Mie natengeneza mizani, nakwambia hii ya jikoni ikidondoka mara moja tu inaanza kusema uongo kwa sauti ya upole. Ikiwa inapunguza gramu 6 kila mara, hesabu yote ya Maalim itakuwa inapima mzani, si duka.

Mwalimu Mstaafu, Tudor

Allah akuweke, Fundi. Hilo lilikuwa liwe la kwanza na mie nimekimbilia jedwali. Hesabu haiujui mzani. Bahati huonekana kwenye mtawanyiko, lakini kosa linalorudi vilevile kila mara halionekani popote, hata upime pakiti elfu. Mama, fanya alivyosema.

Mama Hamri, Kibokoni

Nimerudi. Nimekwenda marikiti ya samaki nikaazima jiwe la kilo la muuza nguru mmoja, lile la chuma lenye mhuri. Amenipa kwa masharti kama naposa. Nimeliosha, nimelikausha, nimeliweka kwenye mzani mara tatu: 998, 998, 998. Kwa hivyo mzani wangu unapunja gramu 2.

Na ndiyo, nilipima na mifuko, sikuifungua. Sasa nimeifungua yote 12 nikamimina sukari kwenye ndoo, nikapima mifuko mitupu mmoja mmoja. Ni gramu 5 kila mmoja, labda na unyevu kidogo. Jikoni kwangu sasa hivi sisimizi wamekuja na jamaa zao.

Mwalimu Mstaafu, Tudor

Hapa ndipo utamu ulipo, Mama, kwani sasa una maswali mawili kwenye ndoo moja.

La kwanza: je, *sukari* ninayopata ni kilo? Rudisha gramu 2 za mzani, toa 5 za mfuko: 994 inakuwa 991. Mtawanyiko haubadiliki, maana umezisogeza zote kwa kiasi kimoja, na kijiti kinabaki 2.42. Upungufu ni 9, t ni −3.73. Hapo hata mpaka wa nusu ya asilimia moja, 3.106, umeuvuka. Sukari haifiki kilo, kwa wastani.

La pili: je, huyu bwana *anapojaza*, mzani wake unasoma chini ya kilo? Wengi huweka mfuko kwenye mzani na kujaza mpaka ifike kilo, mfuko ukiwemo. Kwa swali hilo unaacha mfuko ndani: 994 na 2 ni 996. Upungufu ni 4, t ni −1.66. Mpaka ni 1.796. Hukuufika. Upungufu kama huo bahati ingeuleta kama mara 6 katika 100.

Pakiti zilezile, jibu moja linasema "tunakataa", jingine linasema "hatuwezi kukataa". Hazigombani, kwa sababu hazikuulizwa kitu kimoja. Na inaonekana zaidi ya nusu ya upungufu wako, gramu 5 kati ya 9, ni karatasi ya khaki unayouziwa kwa bei ya sukari.

kijana_wa_data

Kwa hivyo kwa swali la pili tumethibitisha kuwa mkono wake hauna neno. Sawa?

Mwalimu Mstaafu, Tudor

Hapana, na hapa ndipo nilipokuwa nikivunja chaki darasani. Rudi juu ya dari. Magharibi kuna wingu, hakuna aliyeuona mwezi. Tunakamilisha 30, kwa kuwa *haukuonekana*. Nani amesema *haupo*? Huenda uko palepale nyuma ya wingu. Pakiti 12 kwa upungufu wa gramu 4 ni macho yenye wingu. Kumuacha mtu ambaye kweli anapunja kwa sababu hukumuona ndilo kosa la aina ya pili. La aina ya kwanza ni lile la kumshuku asiye na kosa. Majina hayo tumeachiwa na wanatakwimu Neyman na Pearson, miaka ya 1930.

Dawa ya wingu ni pakiti zaidi. Kwa mtawanyiko kama huu na mpaka uleule wa asilimia 5, ukitaka upungufu wa gramu 4 uuone mara 8 katika kila 10 ukiwepo kweli, unahitaji pakiti kama 30. Tena zisitoke gunia moja Jumamosi moja. Hizo 12 pengine zilijazwa na kijana mmoja, kwa mkono mmoja, akiwa na haraka ya kufunga. Ni kama kuuliza watu 12 wa nyumba moja kisha useme umeuliza mji.

Jambo jingine, halafu ninyamaze, maghrib imekaribia. Gramu 9 katika kilo ulimi hauzijui. Hazifiki hata asilimia moja. Kama mzee wa barazani amekosa utamu, hakuukosa kwa gramu 9. Jedwali limekwambia upungufu upo, halikukwambia ni mkubwa.

Fundi Mizani, Kongowea

Mama, mwambie tu aweke mfuko kwenye mzani, airudishe sifuri, ndipo ajaze. Mizani mingi ya betri ina kitufe hicho. Hilo halihitaji hesabu wala ugomvi.

Mama Hamri, Kibokoni

Maalim, neno lako la ulimi limenikosesha usingizi. Unga kilo nne kwa pakiti moja ya sukari, ndivyo nilivyokanda siku zote. Nikajiuliza, kama si sukari ni nini? Leo sikulala baada ya alfajiri, nilikaa kumtazama mpwa wangu akikanda, maana tangu goti langu liume yeye ndiye hukanda. Akatia unga, sukari, hiliki, hamira, akamimina tui. Donge likawa maji maji, likamganda vidoleni. Akafungua pakiti nyingine ya unga akaongeza konzi, akakanda, akaongeza nyingine. Nikamuuliza, "Kila siku waongeza?" Akasema, "Kila siku shangazi, tangu nazi za yule muuzaji mpya." Nikachungulia tui lenyewe, jepesi kama maji ya mchele. Nazi changa! Nimepima alichobakisha kwenye pakiti: ametia zaidi ya nusu kilo ya unga juu ya zile kilo nne.

Dukani nimekwenda bila karatasi. Nimemwambia maneno ya Fundi, kuhusu mfuko na kitufe. Ameniangalia, akasema hicho kitufe alidhani ni cha kuzimia. Sijui kama nimwamini. Kuanzia Jumatatu nanunua mbili kila siku, siku 15, napima bila mfuko kwa mzani niliousahihisha, na mpaka nimeshauandika ukutani kabla: asilimia 1. Binti amepiga simu kutoka Malindi, anataka namba hizo kwa kazi yake ya chuo. Nimemwambia aje na nazi pevu ishirini kwanza.